Jumapili Ndiva Ilipovuja

Kijijini kwetu, milimani juu ya Same, mtu akitaka kunitania hunipigia saluti kwa mkono wa kushoto. Aliyeanzisha mchezo huo ni shemeji yangu, mume wa dada, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Siku ya kwanza niliporudi nyumbani baada ya kustaafu jeshini, alinisimamisha mbele ya watu dukani.

"Afande, saba mara nane?"

"Hamsini na sita, shemeji."

"Kumbe siku hizi jeshini wanafundisha! Mimi nilidhani ni kula na kuruka kichurachura tu."

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini nilichukia. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yasiyotosha kuendelea, ukoo mzima ulishakubaliana kwamba kilichobaki kwangu ni kuolewa. Nikaenda jeshini. Nikapelekwa kikosi cha wahandisi, nikajifunza kujenga madaraja, kuchimba mifereji, kuzuia kingo za mito zisimomonyoke. Jioni wenzangu wakicheza karata, mimi nilikuwa darasani kwa mshahara wangu mwenyewe, mpaka nikapata stashahada ya uhandisi wa ujenzi. Nimestaafu na cheo cha sajenti. Nina nyumba ya bati yenye sakafu ya vigae, tenki la maji, na pikapu inayopanda mlima huu kwa gia ya pili. Hakuna mjomba wala shangazi aliyetia hata msumari mmoja. Nasema hivi si kwa kujisifu, ingawa sioni sababu ya kutojisifu.

Kitu ambacho shemeji hakukijua, na watu wengi hawakijui, ni akina nani wamo mle jeshini. Nilihudumu na fundi wa magari aliyekuwa akiweka ncha ya kijiti kwenye injini, ncha nyingine sikioni, akakwambia beringi ipi inakufa. Nilihudumu na msichana wa mawasiliano aliyeweza kujua kwa namna mtu anavyovuta pumzi redioni kama anasema ukweli au anaogopa mkubwa wake. Mwalimu wetu, luteni mpole asiyepaza sauti, alitukalisha asubuhi nzima mbele ya daraja bovu bila kuturuhusu kuligusa. Tuliruhusiwa kuangalia na kuuliza, basi. Kijana mmoja alilalamika kwamba amekuja jeshini kufanya kazi, si kutazama. Luteni akamwambia, "Hii ndiyo kazi. Kubeba vyuma hata ng'ombe anaweza."

Sasa nieleze kuhusu ndiva, kwa msomaji asiyetoka Upareni. Ndiva ni bwawa dogo la kienyeji, limezungushiwa ukuta wa mawe na udongo kwenye mteremko. Maji ya mfereji huingia usiku kucha, asubuhi mkuu wa ndiva anavuta kizibo, na maji hushuka mashambani kwa zamu. Ya kwetu ni ya tangu mababu. Baba yangu aliwahi kuwa mkuu wake na ndiye aliyeujenga upya ukuta wa upande wa bondeni. Alipofariki, kazi ilishikwa na mjomba, mdogo wa mama. Na chini ya ukuta huo, umbali ambao ukiita mtu anaitika, ndipo ilipo nyumba ya mama.

Mama alikuwa ameteleza akichuma mboga na kuvunjika mguu. Alikuwa na plasta mpaka juu ya goti. Nilimwomba ahamie kwangu, akakataa, akasema nyumba yangu ina sakafu ya kuvunja mguu wa pili.

Masika ile ilikuja baada ya ukame uliotunyoosha kwelikweli. Wakati wa kiangazi mjomba, kwa nia njema kabisa, aliinua kwa saruji ule mdomo wa mwambani ambapo maji yaliyozidi humwagikia korongoni, ili ndiva ishike maji mengi zaidi. Sikuwapo siku hiyo, nilikuwa Same kununua mabati. Niliporudi nilimwambia kuwa ukuta ni mzee kuliko saruji. Akanijibu kuwa ukuta ni mzee kuliko mimi pia.

Jumapili ninayoisimulia mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Nikiwa njiani kwenda kanisani, na viatu vyangu vya kisigino, nilipita chini ya ukuta kumsalimu mama. Nikaona maji yanatoka kwenye nyasi, mahali penye upana wa kiganja. Ndiva zote huvuja, hilo si jambo. Lakini haya hayakuwa safi. Yalikuwa kama maji yaliyosuuziwa chungu. Nikachuchumaa nikatazama. Nikajua ni hatari, maana maji safi yakivuja ni maji tu, ila maji yenye udongo yanakwambia kwamba ndani ya ukuta kuna kitu kinaliwa.

Niliingia kwa mama. Alikuwa kitandani anasikiliza ibada redioni.

"Mama, tutoke. Ukuta una hatari."

"Ukuta wa baba yako?"

"Ndiyo, mama."

"Baba yako aliukanyaga udongo ule kwa miguu yake. Mimi nilimpelekea makande pale juu. Nenda kanisani, uniombee mguu."

Nikapandisha sauti. Akanitazama kwa utulivu. "Usinifokee. Mimi si kuruti wako."

Nisingeweza kumbeba peke yangu na plasta ile kwenye njia iliyogeuka utelezi. Nikavua viatu, nikakimbia kanisani pekupeku.

Nilifika wakati wa matangazo. Mwinjilisti alikuwa anasoma habari za uchangiaji wa paa. Nikasimama katikati ya kanisa na tope mpaka magotini, nikasema ndiva inavuja maji machafu, naomba wenye nguvu watoke sasa hivi, waje na sepetu, sururu na viroba.

Mjomba akajibu kutoka benchi la wazee: "Ndiva iliacha lini kuvuja? Ukiwa tumboni mwa mama yako ilikuwa inavuja."

"Shikamoo, mjomba. Ilikuwa inavuja maji safi."

"Marahaba, afande. Keshokutwa tutapiga baragumu la msaragambo, tutaziba. Leo ni siku ya Bwana."

Msaragambo ni kazi yetu ya pamoja, na haifanywi Jumapili. Hilo analijua hata mtoto. Nikaona vichwa vinatikisika kukubaliana naye, na shemeji ananitazama kwa tabasamu lile la saba mara nane. Nikasema jambo moja tu: "Dada yako yuko chini ya ukuta huo, mjomba, na hawezi kutembea."

Mwinjilisti akafunga daftari la matangazo. "Tutasali sala fupi," alisema. Kweli ilikuwa fupi.

Wakaja wakiwa na suti na vitenge vya kwaya. Na hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo mimi nilipaswa kulitarajia, maana ni kosa letu sisi watu wa ndiva. Nilikuwa nimesimama juu napima kina cha maji kwa mti. Huko chini, wakiongozwa na mjomba, wakafanya kile ambacho kila Mpare wa mfereji hufundishwa tangu utotoni: ukiona tundu, ziba. Walikata migomba, wakasokota magome yake na udongo wa mfinyanzi, wakashindilia kwenye lile tundu kwa visigino vya viatu vya kanisani. Maji yakakatika. Wakapiga makofi.

"Afande," shemeji aliita, "ripoti kwa mkubwa wako, kazi imekwisha!"

Ukiziba maji upande wa kutokea, hujayazuia. Umeyafungia ndani ya ukuta, na yatatafuta njia nyingine kwa nguvu zaidi. Nilisema hivyo kwa sauti. Hakuna aliyenisikiliza, walikuwa wanapanguzana tope wakicheka. Nikaanza kutembea chini ya ukuta taratibu, natazama nyasi kama tulivyofundishwa, hatua kwa hatua, huku kichwani kuna sauti moja tu inayosema mama, mama, mama.

Nikayaona maji mengine. Yalitokea juu kidogo ya lile tundu la kwanza, kwenye ufa mrefu kama mkono, na yalikuwa mazito.

Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Nilimwita mjomba kama mtu anayemwita mtu kuona ndama. Alipofika nilichota yale maji kwa kiganja, nikayaacha yatulie, nikamwonyesha kilichobaki.

"Mjomba, udongo huu ni wa wapi?"

Akaupekecha kwa kidole. Udongo wa mteremko wetu ni mwekundu. Huu ulikuwa wa kijivu, unanata.

"Huu..." alisema, akaupekecha tena, kisha kwa sauti ya chini: "Huu tuliubeba vichwani kutoka bonde la pili. Mimi na baba yako. Ni wa moyoni mwa ukuta."

"Mimi nilijua unatoka ndani," nilimwambia. "Sikujua ni wa moyoni."

Akavua koti la suti, akalitundika kwenye mti wa uzio. "Sema unachotaka."

Watu walipomwona mjomba amevua koti wakasogea karibu. Nikatoa amri, na ninajua kutoa amri. Kundi la kwanza wachomoe ile migomba, wajaze viroba udongo, wavizungushe kama ukingo wa kisima kuyazunguka matundu yote mawili, maji yainuke ndani ya duara na kuusukuma ukuta kwa nje wakati ndiva inausukuma kwa ndani. Chini ya duara waweke mchanga na kokoto, maji yapite, udongo ubaki. Kundi la pili, mjomba na nyundo kubwa, kwenye ule mdomo wa mwambani, wabomoe saruji. Mtu akauliza kwa nini tusivute kizibo tu. Nikamwambia bomba la kizibo limepita karibu na pale panapooza, maji yakikimbia humo yatapatikisa. Shemeji nilimwambia atoe filimbi yake ya ualimu wa michezo, aliyokuwa nayo mfukoni siku zote, nikamweka mahali anapoona ukuta wote.

"Usibebe chochote. Tazama ufa ule. Ukirefuka au kipande kikishuka, piga, kila mtu akimbilie kando, si chini."

"Na mimi nibakie kutazama tu?"

"Hiyo ndiyo kazi, shemeji."

Hakunitania. Alishika filimbi kwa mikono miwili.

Mimi nikashuka kwa mama na wanawake wanne wa kwaya. Njiani tuling'oa miti miwili ya uzio, tukaifunga vitenge viwili, tukapata machela. Mama alipotuona mlangoni akageuzia uso ukutani.

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Nilikuwa na hesabu ya uzito wa maji, na mfano wa tuta nililoona likikatika ugenini nikiwa kwenye ulinzi wa amani, jinsi lilivyokaa vizuri, likakaa vizuri, halafu halikuwapo. Sikutumia hata moja. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na sauti haikuwa yangu.

"Mama, naogopa."

Akageuka. Mama alinipeleka kituo cha basi siku ile naondoka kwenda jeshini, nilikuwa binti mdogo, na sikutoa chozi. Sidhani kama aliwahi kuyasikia maneno hayo kinywani mwangu. Aliangalia miguu yangu yenye tope.

"Baba yako asingeniacha nibebwe na watu wasiovaa viatu," alisema. "Haya. Angalieni mguu."

Kupandisha njia ile ya pembeni ndicho kitu kirefu kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na nimetembea porini na mzigo mgongoni. Kila hatua nilisubiri filimbi. Mmoja wa wanakwaya aliteleza, machela ikainama, mama akasema, "Polepole, mimi si gunia la tangawizi," na tukaendelea. Juu kulikuwa na mlio wa nyundo, ukakoma, na kukoma kwake kulinitisha kuliko chochote. Kisha nikasikia maji yakianguka korongoni, sauti nzito, na watu wakipiga yowe.

Tulimweka mama ndani ya pikapu yangu, ambayo nilikuwa nimemtuma kijana mmoja ailete pale juu, mbali na mteremko. Nikarudi ukutani. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu mwambani, maji ya kahawia tuliyoyaomba mwaka mzima, na watu wamesimama wanayatazama yakipotea kuelekea tambarare kwa wafugaji. Wapo waliolia. Siwalaumu. Ndani ya duara la viroba maji yalipanda, yakasimama, na kadiri ndiva ilivyoshuka yakaanza kupungua rangi. Nilichuchumaa pale mpaka nikaona kokoto chini yake. Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye tope.

Ukuta haukuanguka. Na kwa kuwa haukuanguka, wapo wanaosema mpaka leo kwamba usingeanguka, kwamba afande aliwamwagia maji yao bure. Shemeji huwajibu kabla yangu. Anasema alitazama ule ufa na kwamba ulirefuka upana wa kidole akiwa na filimbi mdomoni, na kwamba alikuwa anavuta pumzi ya kupiga wakati saruji ilipoachia. Hakuniambia siku ile. Aliniambia juma lililofuata, na usiku huo sikulala.

Tumekubaliana na mjomba kwamba kiangazi kikifika tutaufungua ukuta upande huo na kuujenga upya kuanzia moyoni, na mchoro nimeshauchora mimi. Lakini masika bado haijaisha. Mama anaishi kwangu, kwenye sakafu anayoichukia, na kila siku ananiuliza kama sasa anaweza kurudi. Mtu mwenye stashahada anatakiwa awe na jibu. Ninamwambia, bado. Usiku mvua ikianza kugonga bati nasikia kitanda chake kikilia, naye akiita kutoka chumba cha pili kuuliza kama nimeshavaa buti. Na mimi, mara nyingi, ninakuwa nimeshavaa.