Karatasi Chini ya Pampu

Fundi wa kompyuta wa nyuma ya soko la Rumonge huvua saa yake kabla ya kugusa mashine yoyote, huitia mfukoni, kisha huisikiliza feni kichwa kikiwa kimeinama, kama mtu anayepewa habari za msiba. Ndivyo alivyoisikiliza kompyuta ya Rachidi, mpiga video za harusi kutoka Kizuka, aliyetaka kuikimbiza kupita kasi yake ya kiwandani na aliyekuwa ameshanunua pampu na mabomba ya mpira ya kuipoza kwa maji. Fundi hakubisha. Aliviunganisha nje ya mashine, juu ya karatasi nyeupe, akayaacha maji yazunguke tangu asubuhi.

“Fundi, maji iko inapita muzuri,” Rachidi alisema kwa mara ya tatu. “Tuweke ndani.”

“Tungoje kidogo,” akajibu kwa sauti ile ile ya chini, mswaki wake ukiendelea kukwangua kwenye feni ya zamani vumbi lililogandishwa na moshi wa mawese. Vidole vyake vinene vilipita kati ya nyaya bila kuzitikisa. Alasiri aliinua karatasi. Palikuwa na doa moja la maji, dogo kama punje ya mchele, nalo lingetosha kuiunguza mashine pamoja na harusi za watu zilizokuwa ndani yake. Fundi akawasha kompyuta kwa feni yake safi, ikavuma taratibu, kisha akaikunja karatasi na kumkabidhi Rachidi kwa mikono miwili.

Leo karatasi hiyo imebandikwa ukutani Kizuka. Doa lilikauka siku ile ile, lakini Rachidi hulionyesha kwa kidole bila kukosea.