Vitambaa vya Mdomo vya Mama Tshiela

Mama Tshiela alikuwa mshonaji wa maneno machache, na majirani zake wa Manika, mtaa wa Kolwezi, walijua kwamba akishakunja uso, ubishi umekwisha. Alizaliwa Kolwezi, akaolewa Kolwezi, na bado mwaka ule wa 1993 aliambiwa arudi kwao Kasai, asili ya wazazi wake, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Wenyeji wakamwita kilulu, yaani mdudu. Yeye na mumewe Badibanga wakafukuzwa na walichoweza kubeba, wakalala stesheni na umati wa wenzao wakingoja treni. Hapo hapo, chini ya turubai, akajifungua mtoto wa kike, Tshibola.

Kisha kifaduro kikaingia stesheni. Kikohozi kile cha watoto, jamani, cha kukohoa mpaka pumzi inakatika! Tshiela alishawahi kuzika mtoto kwa ugonjwa huo. Akachukua salopeti ya buluu ya mumewe, ile ya kiwandani, akaipasua vipande.

"Weye! Nguo yangu ya kazi!" Badibanga akaruka.

"Kazi gani tena, baba? Balishakufukuza."

Badibanga akamshikia uzi, naye akashona vitambaa vya kufunika pua na mdomo. Tangu siku ile Tshiela hakumkaribia mwanawe bila kitambaa mdomoni.

Treni ilipowachukua, taabu yenyewe ilianzia ndani ya behewa. Kwao mtoto mchanga ni wa wote: anapokezwa mkono kwa mkono, anaimbiwa sifa za ukoo puani kabisa, na mama akimnyima mtu, amemtukana. Tshiela akasimama katikati ya mizigo.

"Bandugu, mutoto mutamupokea. Lakini kwanza kitambaa ku mudomo. Mwenye hataki, amuangalie na macho."

"Yoo!" akapaza sauti mama Valérie, muuza samaki wakavu, mwanamke wa mdomo mrefu. "Balitufukuza ku nyumba, na sasa weye unatufunga kinywa?"

"Ninakufunga," akasema Tshiela, akampa chake. Valérie akakivaa huku ananung'unika, maana yule mtoto alimtaka kweli. Wengine wakafuata. Kila kitambaa kilikuwa na uzi wa rangi yake ili mtu asivae cha mwenziwe, na treni iliposimama Tshiela alivichemsha kwenye sufuria.

Walipopita Lubudi, treni ikasimama kwenye kituo kimoja kidogo. Vijana wenye marungu wakavuta mlango wa behewa, wakitafuta cha kupora na wa kupiga. Wakakuta watu wote wamefunga midomo kwa vitambaa, macho tu yakionekana. Tshiela akamkumbatia mwanawe.

"Muko na nini?" mmoja akauliza.

Valérie akakohoa. Alikohoa vibaya sana, mkono kifuani, hata Badibanga akamsogelea kumsaidia. "Muingie tu, batoto bangu," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Tulikosa batu ba kutubebea bagonjwa."

Vijana wakarudi nyuma wakikanyagana. Mlango waliufunga wenyewe! Treni ilipoondoka, behewa zima lilicheka mpaka machozi, na kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa avae.

Siku ya kufika Mwene-Ditu, huko Kasai, Tshiela alishuka, akaketi juu ya furushi lake, akafungua kitambaa ili amnyonyeshe mwanawe uso ukiwa wazi. Tshibola akamkodolea macho. Mdomo ule hakuukumbuka. Akaangua kilio.

Tshiela akaganda. Hakusikiliza kilio, alisikiliza kile kinachokuja baada ya kilio. Mtoto akalia mpaka mwisho wa pumzi, akavuta nyingine, safi, akalia tena.

"Hakohoi," Tshiela akanong'ona. "Badibanga, sikia, hakohoi!"

"Anaogopa sura yako, mama!" Valérie akacheka, huku naye anajifuta macho. "Vaa kitambaa chako, utamuua mutoto wa batu!"

Tshiela akakivaa, machozi yakakilowesha. Mtoto akanyamaza, akashika ziwa. Ndipo mama akakishusha taratibu, pua kwanza, kisha mdomo, na Tshibola akaendelea kunyonya akimtazama.