Pampu Iliyofaulu Kila Ijumaa

Ijumaa, tarehe nane Novemba. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu mepesi, upepo umekufa kabisa, na bahari imetulia kama maji kwenye beseni.

Ndiyo asubuhi aliyofariki mdogo wangu.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni jambo lililotokea baada ya mazishi. Pampu iliyokataa siku ile, pampu aliyoifia, iliwaka mbele ya macho yetu. Kitufe kimoja tu, ikanguruma, ikamwaga maji hadi tukalowa viatu.

Kama vile haijafanya kitu.

Nianze mwanzo, ndugu zangu.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa pampu kwenye meli inayopeleka vifaa na chakula kwa watu wa mitambo ya gesi, kule katikati ya bahari. Wenzake walimwita Daktari, kwa sababu pampu ya dharura ya kuzimia moto aliiita "mgonjwa wangu".

Nilimlea mimi, mama yetu alipotangulia. Nilimfunga kamba za viatu. Ndevu zilipomtoka akawa ananitania.

"Dada, hiyo shule ya jioni utamaliza lini? Utachukua cheti na fimbo ya kutembelea kwa mkupuo mmoja?"

"Wewe cheka tu. Nikimaliza nakuja kukagua meli yenu."

"Njoo. Utakuta mgonjwa wangu mzima kuliko wewe."

Mimi ni mshonaji. Nashona na kukagua jaketi za kuokolea kwenye karakana moja ya bandarini. Nilirudi shule nikiwa tayari bibi wa watu, nisomee ukaguzi wa usalama. Kila jioni kabla ya kuingia darasani nasimama kidogo mlangoni, nasali: Mungu, nifungulie kichwa hiki kigumu.

Sasa, siku ile ya Ijumaa.

Moto ulizuka kwenye chumba cha injini, watu hawajanywa hata chai. Pampu kubwa ilikuwa mle mle ndani ya moto, kwa hiyo ikahesabiwa imekwenda. Ikabaki pampu ya dharura, iliyokaa mbele ya meli, chini kabisa. Unabonyeza kitufe ukiwa juu, valvu, yaani mlango wa maji, inafunguka yenyewe, pampu inanyonya maji ya bahari.

Walibonyeza. Mota ikalia. Maji hakuna.

Mdogo wangu akachukua spana, akashuka kwenda kuifungua valvu kwa mkono.

Moshi ukamfuata huko huko.

Wenzake wote walitoka salama kwa boti ya kuokolea. Meli nyingine ilikuja ikauzima moto. Yeye walimkuta amekaa, mgongo ukutani, spana bado mkononi.

Tukazika.

Baadaye wakaguzi walituita sisi wafiwa tushuhudie pampu ikipimwa. Nilikwenda na wifi yangu, mjane wake. Ndipo ikawaka.

Mkaguzi alifunga faili lake, akaongea kwa upole. "Pampu ni nzima. Kumbukumbu zinaonyesha imefaulu kila Ijumaa kwa miaka yote, haijawahi kushindwa hata mara moja. Inaelekea marehemu alipata taharuki. Alisahau hatua fulani. Hutokea."

Wifi alimtazama.

"Mume wangu asahau hiyo pampu? Angelisahau jina langu kwanza."

"Mama, ni ripoti ya awali tu. Kamati itakaa, ndiyo itakayoamua."

Tulirudi nyumbani pamoja. Tulipofika mlangoni wifi akanishika mkono.

"Wifi, wameshamuua. Sasa wanataka na kumchafua. Wewe ndiye uliyesoma. Fanya kitu."

Nimesoma nini mimi? Jioni mbili tatu za takwimu, tena nyingine nilikuwa nasinzia. Niliingia chumbani nikapiga magoti. Nililia tu, nikaamini Mungu anaelewa na machozi.

Nilirudi darasani nikiwa bado na kitambaa cheusi kichwani.

Mwalimu wetu ni mzee mmoja mpole, maisha yake yote amefanya kazi ya kupiga hesabu za hatari za meli na mitambo ya baharini. Kitu fulani kina nafasi gani ya kushindwa, na kikishindwa nani ataumia. Jioni ile aliandika ubaoni: majaribio mia nne, kushindwa sifuri.

"Mnaonaje?"

Kijana wa mbele akajibu, "Hiyo mashine ni ya kuaminika, mwalimu."

"Mimi sifuri inanitia hofu," mwalimu akasema. "Sifuri ina maana mbili. Ama ubovu ni adimu sana, ama upo na kuna mtu anaufunika kila unapokuja kupima. Hesabu haiwezi kukuambia ni ipi. Lazima uulize watu."

"Unaufunikaje ubovu, mwalimu?"

"Kwa upendo kabisa. Mama ana mtoto mwenye homa. Anaona aibu kumpeleka zahanati akiwa na jasho. Anamwogesha maji ya baridi, anambadilisha nguo, ndipo anampeleka. Nesi anapima, joto la kawaida. Wanarudishwa nyumbani. Nani kadanganya pale?"

Darasa likacheka.

Mimi nilihisi kama mtu amenimwagia hayo maji ya baridi.

Kwa sababu nilimsikia mdogo wangu mezani kwangu, mara ngapi sijui, akila haraka haraka Ijumaa anayokuwa bandarini. "Dada, nakimbia. Mchana mgonjwa wangu anapimwa, lazima nikamwamshe kwanza."

Kumwamsha. Anashuka asubuhi, anaichezesha valvu kwa mkono, mbele nyuma, chumvi inaachia, anapaka grisi. Mchana wakubwa wanakuja, wanabonyeza, maji haya hapa. Kwake ilikuwa adabu ya kazi. Humkaribishi mgeni nyumba haijafagiwa.

Na moto ulikuja Ijumaa, kabla ya chai.

Kabla hajaiamsha.

Nikakumbuka na kingine. Siku tuliyoitwa kushuhudia, kabla ya kitufe, mtu mmoja mwenye ovaroli la bluu aliisuuza ile pampu kwa maji baridi ya bomba, akaizungusha valvu mara kadhaa. Nilidhani ni usafi.

Darasa lilipotawanyika nilibaki. Nilimweleza mwalimu yote. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Pole sana, mama. Hilo ni kosa la watu wanaozipenda mashine zao. Asiyejali hawezi kulifanya."

"Nikilisema, si watasema yeye ndiye aliyeuficha ubovu?"

"Wengine watasema."

"Na nikinyamaza?"

Akairudisha miwani usoni. "Hiyo meli ina pacha?"

Ilikuwa nayo. Zilijengwa pamoja, pampu za aina moja. Na ile pacha ilikuwa inajiandaa kuondoka. Injinia mkuu aliyefanya kazi na mdogo wangu, wote tunamwita Chifu, alikuwa ameshahamishiwa huko pamoja na mabaharia walewale waliobeba jeneza.

Basi nikawa na mizigo miwili. Upande huu jina la mdogo wangu. Upande ule watu walio hai na familia zao. Nilisali nikiomba Mungu anipe njia ya tatu. Hakunipa.

Nilikwenda kwa wifi. Nilimkuta anakunja mashati ya mumewe, yale ya kazini, ambayo grisi haikutoka tena. Nikamweleza polepole, bila kupamba.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unaniambia mume wangu alijiua kwa grisi."

"Sijasema hivyo, wifi."

"Ndivyo ilivyo, hata usiposema." Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Nilikuomba umsafishe, wewe unaniletea hili."

Sikuwa na haki ya kujitetea.

Akasimama, akachukua mtandio.

"Waliombeba wasije wakabebwa na wao. Twende."

Tulimpitia mwalimu. Ilikuwa Ijumaa tena, na tulipofika asubuhi kwenye ile meli pacha, fundi wa pampu alikuwa tayari anashuka ngazi na kopo la grisi. Nilimwomba asubiri. Chifu alikuja akiwa na kofia yake ngumu, akatukaribisha kwa heshima zote.

"Shemeji, karibu. Dada, karibu. Kuna tatizo?"

"Chifu," nikamwambia, "nakuomba kitu kimoja. Leo msiiamshe. Ibonyezeni kama ilivyo."

Akatabasamu kwa huruma, vile mtu anavyomtabasamia mfiwa. "Dada yangu, hii inafaulu kila wiki. Hata ile ilikuwa inafaulu."

"Ndiyo, Chifu. Hata ile."

Tabasamu likaondoka taratibu. Nadhani ndipo alipoanza kuelewa, kabla hata ya kitufe. Akamwambia fundi aweke kopo chini. Mabaharia wakasogea. Akabonyeza mwenyewe.

Mota ikalia.

Tukaangalia mdomo wa bomba. Sote, kama watu wanaongoja mtoto aseme neno la kwanza.

Hata tone.

Akabonyeza tena. Mota ikalia. Baharia mmoja akakaa chini palepale sakafuni, akashika kichwa. "Jamani, na kesho tulikuwa tunaondoka."

Wifi alianza kulia, kilio cha chini kwa chini. Nikadhani analia kwa sababu sasa imethibitika kwamba grisi ya mumewe ndiyo iliyoficha. Nilimshika bega. Nilijiandaa kuomba radhi.

Ndipo Chifu alipoongea, macho yake kwenye bomba kavu.

"Aliniambia."

Wifi akainua uso. "Alikuambia nini, shemeji?"

"Kwamba valvu inashika. Kwamba kila Ijumaa inazidi kuwa nzito mkononi. Aliniomba tuagize mpya, si mara moja. Nikamwambia, Daktari, acha wasiwasi, mbona mgonjwa wako anafaulu kila wiki? Nikamwonyesha na zile kumbukumbu." Akaligusa lile bomba. "Akacheka. Akachukua kopo lake la grisi, akashuka."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Mdogo wangu hakuficha ubovu. Alisema. Aliusema kwa mdomo, kisha akaufunika kwa mkono, kwa sababu hakuwa na la kufanya zaidi. Na kila Ijumaa aliyofanya kazi yake vizuri, alikuwa anajifutia ushahidi wake mwenyewe.

Wewe unayesoma hapa, kuna kitu nyumbani kwako au kazini unachokitegemea siku ya hatari. Kijaribu kikiwa kimelala, kabla hujakifuta vumbi. Na anayekishika kila siku akikuambia ni kizito, kamata na wewe uone uzito wake, kabla hujamwonyesha alama za ufaulu. Mimi zamani nilimwomba Mungu atulinde tu. Siku hizi naongeza: utuonyeshe ubovu wetu tukiwa bado bandarini.

Sijui kamati itaamua nini. Haijakaa bado.

Lakini asubuhi ile Chifu alivua kofia. Alisimama katikati ya mabaharia wake, mbele ya mwalimu, mbele yangu, akamgeukia mjane na kusema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Shemeji, hawa wote ni mashahidi. Meli hii haiondoki na valvu hii. Na kamati ikikaa, nitasimama wa kwanza. Nitawaambia Daktari hakusahau kitu. Aliniambia, nikamjibu kwa namba."