Maneno ya Mama Mbele ya Pazia

Mwigizaji mmoja, mtunzi pia, aliyaiba maneno ya mwisho ya mama yake Enid, akayafanya kuwa mwisho wa tamthilia yake. Kwa miaka kumi na tisa Enid alikuwa akimvalisha mwigizaji huyo katika kumbi za maigizo za Lancashire, Uingereza, awe kasisi leo, kesho polisi, mtu ambaye watu waliijua sura yake wasilijue jina lake. Kila Enid alipomfunga kola aliinua kidevu, akafumba macho, akauliza kwa sauti yake nzito yenye huruma, "Ehe, za nyumbani, bibie?" Enid akisimulia, kidole cha mwigizaji chenye wino kiligonga goti polepole, kama mtu anayekariri.

Mazoezini Enid hakugundua kitu, kwa sababu waigizaji hawatamki mstari wa mwisho kabla ya siku ya ufunguzi, wakiogopa mkosi. Aliusikia siku hiyo, amesimama kando ya jukwaa na koti mkononi: "Usinifunike uso, bado natazama." Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Mwigizaji akatoka jukwaani akitiririka jasho, akainua kidevu afunguliwe.

"Yale ni ya mama," Enid akasema.

"Mpenzi wangu, ni maneno tu. Nimempa uhai."

"Uhai alikuwa nao. Jifungue mwenyewe!"

Vidole vilivyoandika tamthilia sita vikahangaika na kifungo kimoja. Enid akatundika koti, akaingia chumba cha kuvalia, akaketi kwenye kiti cha mwigizaji, mbele ya kioo. Hatoki hapo, wala kola haigusi, mpaka mtu yule asimame mbele ya pazia na kumtaja mama wa Enid, Hilda Entwistle, mfumaji wa pamba, kwa sauti ileile nzuri.