Hoja ya Kumwombea Baba Radhi

Duka la baba lilikuwa Temeke, na jua la mchana lilipokaza kila kitu humo kilisinzia. Mie nimekaa nyuma ya mizani, vumbi linaelea kwenye mwali wa jua, najiuliza: kivuli cha gunia lile ni kitu, au ni mahali palipokosa mwanga tu? Mteja anataka sukari, namfungia chumvi. Mama akasema nimerogwa. Nirogwe na nani! Nilikuwa nimeonja mantiki msikitini, kwa shehe aliyetufundisha kupanga kauli mbili za kweli mpaka zizae ya tatu. Nimeifundisha vyuoni maisha yangu yote, na utamu ule haujanitoka.

Basi ikaja barua: chuo cha ng'ambo kimenikubali nikasome falsafa. Meli ingeondoka baada ya wiki tatu. Ilibaki radhi ya baba, na kwetu mtoto hasafiri bila radhi hata akiwa na tiketi mkononi. Baba hakuitamka. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili nayo ikapita. Nikimwuliza anasema, "Tutaona, inshallah," na kuendelea kufunga majani ya chai kwenye vikaratasi. Roho ilikuwa juu juu.

Nami, kwa kiburi cha kijana aliyesoma, nikaamua kumshinda kwa hoja. Loh! Baba yangu mzazi! Alasiri moja nikamwamkia, nikasimama mbele yake kama wakili.

"Kutafuta elimu ni wajibu. Wajibu haukatazwi na mzazi. Safari hii ni ya kutafuta elimu. Basi, safari hii haikatazwi na mzazi."

Nikatulia, kifua mbele. Hoja ile haikuwa na pa kupenyeza sindano.

Baba akaweka kikaratasi chini. Nje hapiti mtu, mchanga unameremeta, na nilihisi kama alasiri ile haitaisha.

"Imenyooka," akasema. "Lakini mwanangu, mbona mie simo humo?"

"Vipi, baba?"

"Umemtaja mzazi. Mie hukunitaja. Radhi unayo tangu siku ile barua ilipofika. Nilikuwa nachelewesha kuitamka, ili ukaekae nasi kidogo kabla moyo wako haujapanda meli."

Wallahi, nikaushika mkono wake nikaubusu, unanukia chai, nikaangua kilio mbele ya mama mmoja aliyekuja kununua mafuta ya taa. Baba akamwomba asubiri.