Chini Wageni, Juu Mahakama

Mwaka sitini na nane nilitoka Maskati kwenda Wales kumtafuta mdogo wangu Zuwena. Alikuwa ameondoka Unguja kusomea uuguzi miezi michache kabla ya mapinduzi. Sisi tuliobaki tulitoka na nguo tulizovaa, na baba hatukutoka naye. Tulimzika kule kule Unguja. Zuwena hakuambiwa. Barua zake zilitufikia kwa mkono wa jamaa wa Mombasa, na kila moja ilianza kwa salamu kwa baba.

"Khabari hii haiandikwi," aliniambia mama nyumbani kwetu Matrah, kando ya Maskati. "Nenda wewe, ukamwambie kwa mdomo."

Nilingoja ruhusa ya kusafiri miezi mingi. Asubuhi ile ruhusa ilipotoka nilifunga karakana yangu ya useremala, nikapanda ndege ndogo hadi Bahrain, kisha ndege kubwa hadi London.

Siku ya tatu nilipanda gari moshi, halafu basi lililopita katikati ya vilima vya kijani na kondoo waliolowa mvua. Njia nzima nilijaribu kupanga maneno. Kila nikifika kwenye jina la baba, yananipotea.

Adhuhuri basi liliniteremsha mbele ya nyumba ya mawe, kuta zake nene kama za ngome, paa lake la vigae vya jiwe jeusi. Chini madirisha yalikuwa madogo, juu makubwa. Zuwena alitoka mbio akanikumbatia, akacheka, akalia, akacheka tena. Nyuma yake nikasikia harufu ya pombe.

"Unakaa nyumba ya ulevi, Zuwena?"

"Wanakunywa chini, kaka, mie nnalala juu. Hospitali ipo karibu, na Ramadhani Bibi Megan huniamsha kula daku."

Bibi Megan, mjane mwenye nyumba ile ya wageni, alisikia kuwa mimi ni seremala, akanishika mkono kunitembeza. Zamani, alisema, Zuwena akinitafsiria, hakimu alikuja kwa farasi mara chache kwa mwaka. Alilala hapo, akala chini pamoja na wageni wengine, kisha akapanda juu kuhukumu. Ndiyo maana nyumba ina ngazi mbili. Moja pana, ya hakimu na wageni. Ya pili nyembamba, inatoka kwenye chumba kidogo cha mahabusu na kuchomoza moja kwa moja ndani ya kizimba, mshitakiwa asikutane na mtu njiani.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa bado mzima: jukwaa la hakimu, kizimba, benchi la mashahidi lililolainika kwa kukaliwa. Lakini mimi nilitazama dari. Boriti za mwaloni, nene kuliko kiuno changu, zimeungwa kwa vigingi vya mti bila msumari hata mmoja. Nikapanda juu ya benchi, nikapapasa kiungo. Hata ukucha haukuingia. Kazi kama ile nilifundishwa na baba, nikiwa na miaka kumi na mbili.

Bibi Megan alishuka kutazama jiko. Zuwena akasema, "Baba angeipenda dari hii. Nlimchorea mwaka juzi, kila kigingi. Mchoro ameupata?"

Nikashuka kwenye benchi.

"Haukumkuta, Zuwena. Baba alifariki mwezi ule ule wa mapinduzi."

Alikaa pale pale kwenye benchi la mashahidi.

"Miaka minne," alisema. "Miaka minne nnamsalimia, na nyie mnanyamaza. Nani alimwosha?"

"Mie."

Akafunika uso kwa mikono. Nikakaa kuliani kwake. Bibi Megan alisikia kilio akapanda. Hakujua neno moja la Kiswahili, wala hakuuliza. Alivua shali yake, akamfunika Zuwena mabega, akakaa upande wake wa pili. Tukakaa watu watatu kwenye benchi lile mpaka mvua ikakatika.

Siku ya nne tangu nifike nilianza safari ya kurudi, peke yangu. Zuwena alikuwa na mtihani wa mwisho. "Mwambie mama nnakuja nikimaliza," alisema mlangoni. "Na mwambie nimekasirika. Usimfiche hilo."

Matrah nilifika alasiri. Nilimwambia mama yote mawili. Hakujitetea. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa, tangu ndani ya basi la kurudi, kwamba tulidhani tunamkinga Zuwena, kumbe tulimwacha nje ya msiba wa kwao.

Mama aliniuliza chumba alichopewa khabari kilikuwaje. Nikamweleza kuta, dari, jukwaa, benchi, na Bibi Megan aliyekaa nasi.

"Benchi lina mahali pa kuegemea?"

"Halina, mama."

"Yule mama wa Kizungu," aliuliza, "alikaa mkono upi wa Zuwena?"

"Wa kushoto."

Mama akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ya Zuwena upande wake wa kulia.