Nilijua maana ya NPO, lakini aliyekuwa analisha ni mama mkwe

Admin naomba ufiche jina langu, na ukiweza ficha hata pikipiki yangu maana huku inajulikana kuliko mimi. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, mke mmoja, watoto wawili, bodaboda wa Kenyamonta, wilaya ya Serengeti. Shule niliishia la tano, mimi na mwalimu tukachokana. Nauza kuku, nauza laini za simu, ukitaka beberu wa kitoweo niambie tu. Watu wananijua kwa utani. Leo sina utani, na ukinitoka mnivumilie, ndiyo mdomo niliozaliwa nao.

Kazi yangu kubwa ni kubeba wagonjwa kwenda hospitali. Unamfikisha, unamsubiri, unamrudisha. Kwenye kusubiri huko nikazoeana na nesi mmoja, mama mtu mzima, mcheshi kama mimi. Nikamuuliza, hizi herufi mnazoandika kwenye vyeti mnatuficha nini? Akacheka, akaanza kunifundisha. BD ni dawa mara mbili kwa siku. TDS mara tatu. PRN ni pale inapohitajika, kama maumivu yakikubana. STAT ni sasa hivi, acha kila kitu. Nikawa naandika nyuma ya daftari la mtoto, nakariri kijiweni nikisubiri abiria. Haikupita muda kijiji kizima kinaniletea vyeti. "Dokta wa Pikipiki, nisomee hapa." Kichwa kikavimba jamani, hata helmeti ikaanza kubana.

Siku moja nikaona kitanda cha mgonjwa kimefungwa kibao, NPO. Nesi akaacha kucheka. "Huyo anaenda kupasuliwa. Hapitishi kitu mdomoni, hata maji. Akilazwa usingizi wakati tumboni kuna chakula, kinaweza kurudi juu kikaingia kwenye mapafu. Hiyo usiifanyie mchezo, Dokta." Nikaishika kuliko zote.

Jumatatu hii mke wangu kashikwa na tumbo alfajiri. Kufika hospitali wakasema kidole tumbo, apasuliwe saa nane mchana. Wakamlaza wodi namba mbili, kibao cha NPO kikafungwa kitandani kwake, yule nesi wangu akamchoma sindano ya maumivu, akamweleza mbele yangu, mke wangu akaelewa. Nikatoka kufuata dawa moja duka la nje. Narudi, nachungulia dirishani, mama mkwe kafika kutoka Busawe. Kakaa kitandani, hotipoti iko wazi, anamnywesha binti yake uji mzito wa ulezi. Pembeni kuna bakuli la kuku, limeshapungua.

Wasio wa huku mtasema si ungeingia? Ndugu zangu, kwetu Wakurya mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Tukikutana njiani naingia porini hadi apite. Miaka tisa tangu nioe sijawahi kumwangalia usoni. Sasa niingie, nimwambie mama mkwe acha kumlisha mwanao? Mimi ninayetania hadi trafiki, pale dirishani nikarudi nyuma.

Nikakimbia kumtafuta nesi. Nikamkuta mlango wa wodi ya wazazi, ana haraka. Hapo ndipo nilipoharibu. Niliona nikisema wazi, atakwenda kumfokea yule mama mbele ya wodi nzima, na itajulikana mkwe ndiye kamchongea. Basi nikapita pembeni. Nikasema, "Nesi, wodi namba mbili leo kuna sherehe, watu wanakula kuku." Akacheka. "Niwekee paja, Dokta." Akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Saa nane wakaja na kitanda cha magurudumu. Wakamuuliza mke wangu, "Umekula chochote?" Mama yake yuko nyuma, kajifunika khanga, hotipoti imo kwenye kikapu. Mke wangu akamwangalia mama yake, akasema, "Sijala." Mimi nilikuwa hatua tano tu, kwenye korido, nimegeuza uso ukutani kama adabu inavyotaka, naibia kwa jicho la pembeni. Nikasikia. Nikanyamaza. Kitanda kikipita akanigusa mkono, akasema, "Baba watoto, mbona leo huchekeshi?"

Alitapika akiwa kwenye usingizi. Matapishi yakaingia kwenye mapafu, vilevile kama nilivyofundishwa.

Wakamhamishia hospitali kubwa. Leo siku ya nne hajafumbua macho, anapumua kwa mashine. Na mimi shida yangu ni kwamba nasoma. Wakiniruhusu kuingia natazama karatasi yake. Hewa kwenye damu, ile wanayoandika SPO2, Jumanne ilikuwa tisini. Jana naondoka, imeshuka hadi themanini na nne. Mashemeji wananiuliza, "Mura, wameandika nini?" Nasema anaendelea vizuri.

Jana nimerudi nyumbani kuangalia watoto. Nikabaki nje, namsikia mama mkwe ndani analia tu, habari ya uji hajamwambia mtu, na sidhani hata anajua ni uji ulioleta haya. Kaka zake mke wangu wameshakata shauri kwamba ni yule nesi kamharibu dada yao kwa sindano. Mkubwa wao, huyo hapigagi kelele, kaniambia taratibu, "Wewe unajua anapokaa. Jumamosi utatupeleka." Hakusema kufanya nini. Hakuna aliyeuliza. Na mimi nikaitikia, sawa shemeji.

Leo asubuhi nesi kanipigia. Hakuniita Dokta. Kasema, "Siku ile uliponiambia watu wanakula kuku, ulikuwa unamsema nani?" Nikakata. Kapiga tena mara mbili. Hadi naandika hapa simu inaita.

Nikisema ukweli, namvua nguo mama mkwe mbele ya wanawe, halafu watanigeukia, wewe ulijua na ukanyamaza. Nisiposema, Jumamosi nitawasha pikipiki niwapeleke kwa mtu aliyenifundisha kusoma.

Leo ni Alhamisi. Kwenye zile herufi zake kuna moja ya jambo lisilosubiri. Msiniambie nitulie, msiniambie niombe tu. Nishaurini STAT ndugu zangu, nifanye nini?